Wazo la Leo: Fundi Atafute Cheti Chake

Mwaka 2013 kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi. Mwaka 2018 treni za mizigo za reli ya kisasa, SGR, zikaanza kuchukua makontena yaliyokuwa yakibebwa na malori. Mambo yakibadilika hivyo, fundi hodari asiye na karatasi huumia mara mbili: kazi imemtoka, na kwa mwajiri mpya hana cha kuonyesha.

Njia ipo.

Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi na kuwapa vyeti kwa gredi tatu: ya tatu ndiyo ya kuanzia, ya kwanza ndiyo ya juu. Makanika wa Changamwe au fundi wa kuchomelea vyuma wa Kisauni aliyejifunzia gereji naye hukubaliwa.

Mtihani una kazi ya mikono na nadharia. Mikono imeshazoea, kinachotaka maandalizi ni kusoma mchoro, kutaja vifaa kwa majina yake na kueleza kanuni za usalama. Hata ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, muda watosha kupitia ukurasa mmoja wa nadharia.

Ewe fundi, wiki hii ulizia tarehe ya kujisajili.