Neno la Kweli Lenye Kudanganya

Ndugu msomaji, je, mtu aweza kusema kweli tupu na bado akawa mwongo? Usiharakishe kunijibu.

Hapa Isongole, wilayani Rungwe, ng'ombe wa maziwa si wageni. Hata hivyo dukani hukosi kopo la maziwa ya unga ya watoto, limeandikwa kuwa ndani mna vitamini na madini ya chuma. Kweli, vimo. Lakini mama asomaye husikia jambo jingine lisiloandikwa: kwamba kopo limelishinda titi lake.

Mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1939, Dakta Cicely Williams alihutubia huko Singapore juu ya maziwa mazito ya sukari yaliyokuwa yakisifiwa kuwa yawafaa watoto wachanga, akayaita mauaji. Mwaka 1974 kikatoka Uingereza kijitabu cha War on Want, kikieleza jinsi makampuni yalivyowatuma wanawake waliovaa kama wauguzi wawaendee wazazi katika nchi maskini. Tazama ujanja! Nguo nyeupe ni ushahidi pasipo neno. Tena walitoa kopo la bure. Mtoto akinywa la kopo, titi haliamwi; lisipoamwa hukauka; na kopo la bure likiisha, mama hana budi kununua. Asiye na fedha huzidisha maji, na maji yenyewe pengine si safi. Mtoto huharisha, hukonda, na huku kila neno la kwenye kopo lingali kweli.

Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kuzuia matangazo na makopo hayo ya bure. Mataifa 118 yaliunga mkono, Marekani peke yake ikapinga. Tanzania iliweka kanuni zake 1994, na Kenya sheria yake 2012.

Sisi tuliosoma vyuoni tulifundishwa kuwa habari haipokelewi mpaka ajulikane mpokezi wake, na kuwa mwenye kujivutia faida hawi shahidi wa nafsi yake. (Nani amemsikia mvuvi akinadi kuwa samaki wake wameoza?) Basi lipime kopo vivyo hivyo: aliyesema ni nani, na hapo aliponyamaza, amenyamazia nini? Mimi naona uwongo wake umekaa katika kule kunyamaza.

Silisemi kopo kuwa ni haramu. Kwa mtoto aliyefiwa na mama, asipate wa kumnyonyesha, ni rehema. Lakini mama mzima, akiambiwa na muuzaji kuwa maziwa yake hayatoshi, amuulize kwanza ni nani aliyeyapima.