Damu ya Yesu na Bima ya Gari la Baba

Wapendwa, kuna kibandiko tunachokiona sana kwenye vioo vya magari yetu, kuanzia Suneka mpaka Keroka: kwamba gari hili limefunikwa kwa damu ya Yesu. Amina. Swali la wiki hii ni dogo tu. Je, mwenye kibandiko hicho akilipa bima, amekosa imani?

Wengi wetu tunajibu haraka, tena tunajibu vibaya, kwa sababu tunadhani bima ni ya kutulinda sisi. Ile ambayo sheria ya Kenya inalazimisha, Sura ya 405, tunayoiita thadi pati, haikutengenezei gari lako. Likibondeka, shauri yako. Inamlipa yule mama uliyemgonga akivuka barabara na ndizi zake. Imani ya dereva inaweza kuwa kubwa kama milima ya Manga, lakini mguu utakaovunjika si wake. Mtu ana ruhusa kumwamini Mungu kwa mwili wake mwenyewe. Mguu wa jirani anauweka rehani kwa ruhusa ya nani? Katika Kumbukumbu la Torati 22, anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuzungushia paa ukuta mdogo ili mtu asianguke kutoka juu. Hakuna mahali mwenye nyumba anaambiwa kwamba ukuta huo ni dalili ya kutoamini.

Sasa tuje kwa gari la kupewa. Tuseme mzee wa Nyamira amempa binti yake Probox. Binti alikuwa kazini Nakuru, amehamishiwa Kisii mjini, na amebadilisha kila kitu: nyumba, shule ya watoto, hata kanisa. Logibuku tu ndiyo imebaki kwa jina la tata, na bima pia. "Si ni ya baba yangu? Kwani kuna shida gani?"

Shida iko. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinampa mwenye gari mpya siku 14 za kuomba mabadiliko. Binti akigonga mtu, barua ya wakili inaweza kumfikia mzee, ambaye hata hakujua siku hiyo gari lilikuwa wapi. Zawadi imemgeukia aliyeitoa. Tunahubiri kuheshimu baba na mama, halafu tunafikiri heshima ni sukari na blanketi wakati wa Krismasi. Kuliondoa jina la mzee kwenye kesi isiyo yake, hiyo nayo ni nini? Tena bima haihami na gari. Ni mapatano ya kampuni na mtu aliyejaza fomu, na mzee akishatoa gari, kampuni ina haki ya kuuliza alikuwa anakatia bima kitu gani.

Kubadilisha jina kunafanyika kwa eCitizen: mzee anaanzisha, binti anakubali na kulipa. Wazee wengi hawana mambo ya saiba, kwa hivyo keti naye chini, na ndugu zako wawepo. Hilo la ndugu msilipuuze. Mzee akifariki bila wosia, Sheria ya Urithi, kifungu cha 42, inahesabu ulichopewa akiwa hai kwenye fungu lako. Afadhali wasikie kutoka kinywani mwake kuliko matangani.

Kisha kuna fomu yenyewe. Inauliza matumizi, na mkono unaandika "binafsi". Jumatatu hiyo Probox iko steji, wanne wamebanana nyuma, kila mmoja na nauli yake mkononi. Dereva anasema ni kauongo kadogo, tena kwa kampuni tajiri. Lakini siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa kwa sababu ya neno hilo moja, na wanaobaki mikono mitupu ni wale wanne, ambao walipopanda hawakuulizwa wala hawakuambiwa. Najua bima ya kubeba abiria ni ghali, na karo inangoja. Basi aongeze nauli na awaambie abiria kwa nini, ama Jumatatu hiyo aende kazini na viti vitupu.