Mfupa Usio Wako

Katika Temeke na Kinondoni ajali za pikipiki huvunja miguu ya wengi, na baadhi yao hupelekwa Muhimbili, katika Taasisi ya Mifupa iliyoanzishwa mwaka 1996. Ikiwa kipande cha mfupa kimepotea, mganga hutafuta cha kujazia pengo. Mara nyingi hukitwaa katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe, ingawa hivyo huacha jeraha la pili. Duniani hutumika pia mfupa wa marehemu, au wa ng'ombe au nguruwe, uliokwisha kusafishwa.

Je, ni halali kupokea mfupa usio wako? Naona ni halali. Mfupa ule ni kama fito za ukuta, na mfupa wake mgonjwa ndio udongo unaojaza. Moyo wake haugeuki.

Lisilo halali ni kumficha. Mwaka 2021, huko Marekani, mfupa wa marehemu mmoja uliwaambukiza wagonjwa wengi kifua kikuu, na wengine walikufa. Tena jirani yetu Mwislamu, alalaye kitanda cha pili, huenda dhamiri yake yakataa nguruwe. Akitiwa bila kuambiwa, mguu umepona, lakini mwenyewe amedhulumiwa.

Basi tukienda kumtazama mgonjwa, tumsaidie kuuliza: "Bwana mganga, mfupa huu umetoka wapi, nao umepimwaje?" Kuuliza hivi si utovu wa adabu. Mfupa ule huenda akaenda nao hata kaburini.