Maji ya Kibaba Kimoja

Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na Pate, chumba cha ndani kabisa kilikuwa na ukuta wa zidaka: vijumba vidogo vya chokaa, safu juu ya safu, vya kuwekea vyombo. Humo zilipangwa sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Zilikaa hapo zionekane, na wapo wanaosema zilikaa hapo pia kuikinga nyumba na jicho baya. Chakula cha kila siku kilikuwa na vyombo vyake.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, na ndani yake mna majumba hayo hayo ya Pate yakiwa matupu, popo ndio wenyeji, makinda ya ndege yamelala kwenye zidaka za sahani. Wengi tunalikumbuka shairi kwa magofu yake. Mimi hushikwa zaidi na yule anayesemeshwa. Sayyid Abdalla hamkemei tajiri yeyote wa Pate, hamwambii mtu auze kaure zake. Anaugeukia moyo wake mwenyewe, anauuliza umekuwaje hata hausikii.

Hilo hunijia ninaposikia mazungumzo ya siku hizi kuhusu kupunguza vitu. Toa nguo, gawa viatu, futa picha kwenye simu, ubaki na kuta nyeupe na moyo mweupe. Kwanza, hayo ni maneno ya wenye navyo. Mama mwenye sufuria mbili na chumba cha kupanga kinachovuja hana haja ya kufundishwa kuishi na kichache. Anakijua kuliko sisi, na angeshukuru kikiongezeka. Pili, vingi tunavyoviweka tumeviweka kwa mapenzi. Doti za kanga ambazo hazijakatwa wala kupindwa, zimelala sandukuni zikinukia udi, ni akiba ya mwanamke, ni kumbukumbu ya waliomtunza harusini, ni za kumtunza mjukuu siku yake ikifika. Sitathubutu kuziita takataka.

Hata hivyo, nimewahi kukaa na jamaa tukipanga vitu vya marehemu, hitima imekwisha kusomwa na watu wa mbali wamekwisha kurudi makwao. Lilipofunguliwa kabati la vyombo vya wageni, baadhi ya sahani bado zilikuwa na karatasi ya dukani. Wageni waliingia nyumba ile miaka yote, nami nikiwa mmoja wao, na sote tulipakuliwa kwenye vyombo vya kila siku. Basi aliyekuwa akingojewa ni nani? Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Tuligawana sahani, mtu akaenda kuteleka chai.

Tangu hapo wingi wa vitu haunishughulishi sana. Linalonishughulisha ni kule kungoja. Sahani njema inangoja mgeni mkubwa, msahafu mzuri unangoja Ramadhani, toba inangoja uzee, kumtembelea mgonjwa kunangoja mwisho wa mwezi. Nyumba inaweza kuwa na mkeka mmoja tu na bado imejaa vitu vya namna hiyo.

Sisi tunaofuata Imam Shafii, na ndio wengi katika pwani hii, nia ya funga ya Ramadhani tunaitia kila usiku kabla ya alfajiri. Wenzetu Wamaliki wanatosheka na nia moja mwanzoni mwa mwezi. Utotoni niliwaonea wivu. Niliona wamepata nafuu. Sasa naipenda ile taabu ya kurudia. Aliyeazimia mara moja tu, tena kwa kishindo, kwamba kuanzia leo ataishi kwa makusudi, huamka Jumatano akajikuta ndani ya ratiba ya watu wengine na hajui ameingiaje. Nia ya usiku ni ndogo mno. Inahusu kesho peke yake, mahali pake ni moyoni, na hata ulimi usipotamka, funga inasihi. Kesho usiku itabidi uitie tena.

Katika hadithi iliyopokewa na Anas, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji na kuoga kwa mudd nne mpaka tano. Mudd ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri vilivyokutanishwa, kiasi cha robo tatu ya lita, karibu sawa na kibaba chetu. Nne kati ya hizo zinafanya kipimo kiitwacho saa, ambacho huku tunakikadiria kwa pishi tunapotoa zaka ya fitri. Usemi wa namna kibaba kinavyojaa tunao, kila mtoto anaujua. Wa namna kinavyotosha sijausikia.

Misikiti ya zamani ilikuwa na birika, na maji yalichotwa kwa kata. Sasa kuna koki. Unaifungua kwa bismillahi na kuifunga ukimaliza miguu, na katikati yake maji yamekwenda zake na fikra zimekwenda zake. Nilianza kutawadha kwa kopo nyumbani kwa sababu ya mgawo wa maji, si kwa ucha Mungu, niseme kweli. Maji yaliporudi sikuliacha kopo. Ukiwa na kopo, mguu unaufikiria tangu unaponawa uso. Kiganja kimoja kinatosha uso mzima ukikipeleka taratibu mpaka kwenye mipaka yake, na mkono unalazimika kupita kila mahali, kwani maji hayatapita yenyewe. Udhu unachukua muda mrefu kidogo na maji machache sana. Mara nyingine nikifika kwenye kisigino nakuta hata zile hesabu za deni la dukani zimenyamaza, jambo ambalo sala yenyewe, kwa upande wangu, si kila siku inalifikia.

Siku nayo nimejaribu kuipima kwa kopo, na hapo ndipo pagumu. Kwetu kukataa mwaliko ni kama kukataa mtu. Ndiyo maana tuna ile inshallah ya kukwepea, unayomwambia mwenyekiti wa kamati ya harusi huku ukijua huendi, naye anajua. Jina la Mwenyezi Mungu tumelifanya mlango wa nyuma. Nimeazimia kuisema pale tu ninapokusudia kwenda, na kwingine kusema kwamba sitaweza, nikatoa mchango wangu mapema. Watu wawili wamenuna. Mmoja amekuja baadaye kuniuliza kama kweli jambo hilo linaruhusiwa.

Simu bado sijaipatia kopo lake. Naiacha chumbani kuanzia magharibi hadi isha, na shangazi amelalamika waziwazi: anayekutafuta saa hizo, mwanangu, ana jambo. Ana haki yake. Taarifa za misiba haziangalii saa. Tumekubaliana kwamba akiwa na jambo apige mara mbili mfululizo, nami nitaisikia kutoka barazani. Mpaka sasa amepiga hivyo mara nyingi, na aghalabu ni kuniuliza kama nimekula.