Nywele za Mtoto na Neno la Mzazi

Jumamosi jioni, katika vijiji vilivyo kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, kama katika vijiji vingi vya nchi yetu, mama huketi mlangoni, akamweka binti yake mbele ya magoti, akashika chanuo. Kazi hiyo ni kazi ya upendo. Lakini mara nyingi hufuatana na neno lisilo la upendo: “Nywele zako hizi mbaya kama nini!” Mama hakukusudia ubaya, mkono umemchoka na chanuo limekwama. Lakini mtoto hasikii habari za chanuo. Asikia habari za nafsi yake.

Lugha yetu ina jina la nywele za kipilipili na jina la nywele za singa. Kwa yenyewe majina hayo ni ya maumbile tu, kama kusema mtu huyu mrefu na yule mfupi. Nani, basi, aliyetufundisha kuziita hizi nzuri na hizo mbaya? Na je, ni haki kumfundisha mtoto kwamba kitu alichozaliwa nacho ni kosa?

Pengine msomaji atasema kwamba neno dogo la nyumbani halidhuru. Twamwomba afikiri tena. Katika miaka ya 1940, huko Marekani, wataalamu wawili, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere wa rangi mbili. Watoto wengi walisema yule mweupe ndiye mzuri, na yule mwenye rangi yao ndiye mbaya. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya nchi ile ilipolaani ubaguzi katika shule, iliutaja uchunguzi huo. Na karibu zaidi nasi, Lupita Nyong’o, Mkenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014, alisimulia mwaka huo huo jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu katika utoto wake aamke na ngozi nyeupe zaidi. Mwaka 2017 gazeti moja la Uingereza lilitoa picha yake likiwa limefuta sehemu ya nywele zake, naye akalalamika hadharani. Ikiwa mwanamke mwenye sifa duniani kote hakusalimika, binti wa mvuvi wa perege atasalimikaje asipopata ngao nyumbani kwake?

Aibu hiyo huenda mbali kuliko moyo. Katika Oktoba 1968 wataalamu hawakujua walijualo leo: uchunguzi wa Marekani uliotangazwa Oktoba 2022, uliohusu wanawake zaidi ya 33,000, ulikisia kwamba miongoni mwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, wapatao 1.64 katika kila 100 watapata saratani ya mji wa mimba kabla ya kutimiza miaka 70. Miongoni mwa wazitumiao mara nyingi, ni 4.05. Hatusemi kwamba kila atumiaye ataugua, wala kwamba sababu yake imekwisha kuthibitishwa. Twasema tu kwamba mzazi ampelekaye mtoto mdogo kuwekwa dawa kichwani hana budi kujua analolifanya.

Je, dawa ya jambo hili ni amri? Nchi yetu ilikwisha kuijaribu. Mwaka ule ule wa 1968, ambapo mitambo ya Nyumba ya Mungu ilianza kutoa umeme, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: tangu tarehe 1 Januari 1969 nywele za bandia, mafuta ya kujichubua na sketi fupi vipigwe marufuku, ili kulinda utamaduni wetu. Kabla hata ya siku hiyo kufika, vikundi vya vijana viliwashambulia wanawake katika vituo vya basi vya Kariakoo. Wakati huo huo, katika Mkoa wa Arusha, ambao Simanjiro ng’ambo ya bwawa hili ilikuwa sehemu yake siku zile, Wamaasai waliamriwa kuacha mavazi yao na nywele zao zilizosukwa na kupakwa ngeu, kwa kuwa eti ni ushenzi. Mjini mwanamke alilaumiwa kwa kuacha Uafrika; nyikani Mmaasai alilaumiwa kwa kuushika. Waliobadilika ni walaumiwa. Aliyedharauliwa ni mtu yule yule.

Hata leo, shule nyingi zawataka wanafunzi wakate nywele ziwe fupi. Usafi wa bweni ni sababu ya haki, na yafaa tajiri na maskini wafanane darasani. Lakini sababu hiyo na ielezwe kwa watoto waziwazi. Mwalimu asemapo, “Kata, tupate usafi,” afunza usafi. Asemapo, “Ondoa uchafu huo,” hali nywele zimeoshwa asubuhi ile ile, afunza dharau.

Hatumhukumu dada anyooshaye nywele, wala avaaye wigi siku ya arusi. Pambo si dhambi, na msusi naye ala jasho lake. Kipimo chetu ni kimoja: je, aweza kuliacha pambo hilo na kutoka nje bila aibu? Akiweza, pambo ni lake. Asipoweza, yeye ndiye mali ya pambo, na hapo yatupasa kumsaidia, si kumcheka.

Mkristo amefundishwa kwamba mwili wa mtu ni nyumba ya Mungu, na nyumba haitukanwi na wale waliopewa kuitunza. Kwa hiyo twawasihi wazazi, akina baba pamoja na akina mama, maana baba asifuye nywele za singa mbele ya bintiye naye anafundisha. Mtoto asukwe twende kilioni au anyolewe kipara, lakini aambiwe kwamba nywele zake ni nzuri, kwa kuwa ndiyo kweli. Chanuo likikwama, na tulilaumu chanuo.