Haki ya Farasi Baada ya Mbio

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu Waislamu, ni nadra kumpata mtoto aliyepita chuoni asiyeihifadhi Suratul-Aadiyat. Ndani ya sura hiyo fupi Mola wetu ameapa kwa farasi waendao mbio wakitweta. Kisha mara akageuka kumtaja mwanadamu na utovu wake wa shukrani. Twaisoma katika Sala zetu usiku na mchana, lakini ni wangapi kati yetu waliojiuliza: kuna uhusiano gani baina ya farasi na utovu wa shukrani? Wako katika wanavyuoni waliosema kuwa farasi hulishwa konzi ya shayiri, naye akampa bwana wake pumzi zake zote. Na mwanadamu hulishwa na Mola wake kila siku, naye akakana. Leo twataka kumtazama farasi huyo huyo pale anapokwisha kutoa pumzi zake. Hufanywa nini?

Tuanze na habari iliyo mashuhuri. Huko Marekani palikuwa na farasi aliyeitwa Ferdinand. Mwaka 1986 alishinda mbio za Kentucky Derby, ambazo ndizo kubwa kabisa katika nchi ile, na mwaka 1987 akachaguliwa kuwa farasi bora wa mwaka. Aliwachumia wenyewe zaidi ya dola milioni 3. Mwaka 1994 aliuzwa Japani ili azalishe. Na alipoonekana hana faida tena, akapita mkono hata mkono, mpaka mwaka 2003 ikatangazwa kwamba mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha pelekwa machinjioni. Ikiwa haya yamemfika farasi ambaye jina lake lilijulikana na maelfu ya watu, basi ni yapi yawafikayo wale wasiojulikana, walioshindwa tangu mbio zao za kwanza?

Yafaa ijulikane kuwa farasi huanza kushindanishwa akiwa na umri wa miaka miwili, na wengi huachishwa mbio kabla hawajatimia miaka kumi; ilhali farasi aliyetunzwa vyema huweza kuishi miaka ishirini na mitano na zaidi. Basi sehemu kubwa ya umri wake ni ile inayokuja baada ya mbio. Ndipo wengine wanapofungwa nyuma ya nyumba wakasahauliwa, mbavu zikahesabika, kwato zikarefuka zikapinda, na meno yakaota makali yakawakata ndani ya mashavu hata wakashindwa kutafuna.

Wala mtu asiseme kuwa haya ni mambo ya Wazungu, sisi hayatuhusu. Hapa kwetu Kenya uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1954. Na hao farasi wa mbio wa kabila la Thoroughbred, nasaba yao ya kiumeni yarejea kwa madume watatu waliotoka nchi za Mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Halab katika nchi ya Sham na kupelekwa Uingereza mwaka 1704. Isitoshe, hukumu ya Mungu juu ya mnyama haitazami mwenyewe ni nani.

Ama mashindano yenyewe, sheria yetu haikuyakataza. Imepokewa kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliozoezwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, na wasiozoezwa akawawekea masafa mafupi zaidi. Tazama huruma hiyo! Hata katika kushindanisha, kila mnyama alipewa kwa kadiri ya uwezo wake. Na zawadi ikitoka kwa mtu asiyekuwa katika washindani, hapana ubaya. Kilichoharamishwa ni kamari; na kamari ndiyo inayomharibia farasi. Kwani mwenye kuweka fedha juu ya farasi hamwoni kuwa ni kiumbe mwenye roho. Amwona kama dadu. Na nani aliyepata kuilisha dadu yake baada ya mchezo kwisha?

Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa farasi ni wa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa wa pili ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi, naye ni yule anayemfuga kwa fahari na kujionyesha. Basi na ajipime kila mwenye farasi, bali kila mwenye mnyama: yeye ni yupi katika hao?

Tena sikilizeni wasemavyo mafakihi. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa ni wajibu juu ya mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, na akikataa, hakimu humlazimisha. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alipozihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu alitaja kwamba mnyama hutumiwa nafaka yake hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutonufaisha tena. Hii ndiyo nukta ya maneno yetu. Chakula cha mnyama si ujira wa kazi yake, hata kikatike kazi ikikatika. Ni deni lililofungwa katika shingo ya mwenye kummiliki.

Huenda mtu akauliza: "Je, nyama ya farasi si halali katika madhehebu yetu ya Shafii?" Naam, ni halali, Asma binti Abu Bakr amepokea kwamba walichinja farasi katika zama za Mtume, wakamla. Lakini ruhusa ya kuchinja ni jambo moja, na ruhusa ya kutesa ni jambo jingine ambalo halipo kabisa. Kumwacha kwa njaa miezi na miaka, hakuchinjwa akapumzika, wala hakulishwa akaishi, hakuna madhehebu yoyote iliyohalalisha. Na katika riwaya ya Imamu Ahmad ametajwa ngamia aliyetumikishwa hata akazeeka, kisha wenyewe wakataka kumchinja, Mtume (s.a.w.) akamsemea kwa wenyewe. Halali ilikuwapo, lakini wema ulikuwa juu yake.

Na mwingine atasema: "Binadamu wana njaa, vipi tushughulike na farasi?" Twamjibu: anayedaiwa kwanza ni yule aliyechuma kwa farasi. Aliyepokea mamilioni kwa miguu ya mnyama huyo hawezi kujificha nyuma ya maskini, ambao hata hao pia hakuwapa. Tena yule mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, hakuambiwa kuwa amewadhulumu wanadamu.

Sasa, kumwokoa farasi wa namna hii kwafanywaje? Jambo hili lataka elimu, si machozi peke yake. Mtu mwenye huruma asiyejua humjazia farasi mwenye njaa nafaka tele siku ya kwanza, akamwua. Mwili uliozoea kukosa, ukipokea wanga mwingi kwa ghafula, madini ya damu hushuka, moyo ukalegea, na mnyama akafa siku chache baada ya kushiba. Wajuzi humpa majani makavu mazuri, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, wakiongeza polepole kwa muda wa siku kumi hivi. Daktari wa mifugo humtazama minyoo, meno hupigwa tupa, na kwato hukatwa kwa awamu mpaka zirudi katika umbo lake. Kurudi mwili wake huchukua miezi.

Kisha hufunzwa upya. Farasi wa mbio amezoezwa kwamba mpandaji akikaza hatamu, maana yake ni kuzidi kukimbia. Sasa yampasa kujifunza kuwa hatamu ni kusimama. Wengi walikuwa wakifungiwa bandani karibu siku nzima, hata kuchunga pamoja na wenziwe ni jambo geni kwao. Mwisho hutafutiwa mwenyewe mpya, naye hupewa kwa masharti: asimuuze ovyo, akubali kutembelewa, na akishindwa amrudishe. Sisi Waislamu jina la jambo hili twalijua: ni amana.

Wenzetu wamezinduka. Waingereza mwaka 2000 waliunda jumuiya ya kuwafunza upya farasi waliotoka katika mbio. Na huko Kentucky mwaka 2003 Michael Blowen, aliyekuwa mwandishi wa gazeti, alianzisha shamba la farasi wastaafu liitwalo Old Friends. Twawasifu, kwani haki husifiwa itokako popote. Lakini tusijidharau, wala tusijisifu bure: Sheikh Mustafa as-Sibai ameandika kuwa Damascus palikuwa na malisho yaitwayo Marj, ambayo yalikuwa wakfu kwa farasi waliokwisha nguvu, wachunge humo mpaka wafe. Babu zetu waliweka wakfu kwa ajili ya farasi mzee. Nasi wakfu zetu tumezifanyia nini?

Basi, ndugu zangu, wengi wetu hatuna farasi. Lakini Lamu na Siu kuna punda, na bara kuna ng'ombe wa kulimia. Punda aliyebeba mawe ya nyumba yako miaka kumi, leo anakula karatasi jaani: huyo ndiye farasi wako, na kwa huyo utaulizwa. Mlishe, ukishindwa, mpe mwenye kuweza, na ukimwona wa mwenzio ameteseka, mnasihi mwenyewe kwa upole, na asiposikia, mfikishe kwa wenye mamlaka. Na vijana wetu waache kamari za kila namna, za farasi na za mipira, kwani hizo humfundisha mtu kukithamini kiumbe siku ya ushindi tu.

Ewe Mola wetu, usitujaalie kuwa katika wale uliowataja baada ya kuwaapia farasi. Tujaalie tuwe wenye kushukuru, na wenye kuwarehemu wasioweza kusema. Amin.