Sarafu za Kale: Kuziweka au Kuziuza?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku na Mwenye kuhesabu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Miongoni mwa mambo yaonekanayo kuwa madogo, na ndani yake mna mambo makubwa, ni hali ya mtu aliyekusanya sarafu za kale kwa miaka mingi, kisha moyo wake ukageuka. Zamani alipenda kila fedha nyeupe yenye chapa nzuri, itokako popote. Sasa hapendi ila vipesa vya shaba vya pwani yake. Kisanduku ni kile kile, walakini mwenyewe si yule yule. Basi hujiuliza: Je, auze sehemu ya vitu alivyovitafuta kwa taabu? Au kuuza ni wepesi wa moyo, na kuweka ndiyo heshima?

Na uchukuliwe mfano wa mtu wa Mombasa, mwenye kisanduku cha mti alichokianza marehemu baba yake, naye akakizidisha. Ndani yake mna riale thelathini. Ishirini na nane ni za Maria Theresa, na zote zimeandikwa mwaka 1780, ijapokuwa nyingi zilipigwa miaka mingi baada ya mwaka huo. Mbili ni za Hispania, zenye sura ya nguzo mbili, ambazo wazee wa pwani waliziona nguzo zile kama mizinga, wakaziita riale za mzinga. Mna rupia ishirini za Bara Hindi. Na chini kabisa, katika kitambaa, mna shaba: pesa za Sayyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijra, nao ni 1882, zenye picha ya mizani, pesa za Mombasa za mwaka 1888, na hela za Wadachi, ambazo dola yao ilikwisha na neno lao likabaki vinywani mwa watu hata leo. Mwisho mna kisarafu chembamba cha Kilwa, alichouziwa na mvuvi aliyekiokota pwani.

Mtu huyu akitaka shauri, hupewa mashauri mawili yanayopingana.

Wa kwanza humwambia: Uza vyote. Hoja yake ina nguvu, kwani ni hoja ya Imam Ghazali katika Ihya. Yeye amebainisha kwamba dirhamu na dinari hazikuumbwa zipendwe kwa nafsi zake, bali ziwe hakimu baina ya mali za watu, zipate kujulikana thamani zake. Mwenye kuzifungia ni kama aliyemfunga hakimu wa Waislamu gerezani, watu wakakosa wa kuwaamulia. Hoja hii haikanushiki. Walakini yataka itazamwe vizuri inamwangukia nani. Rupia iliuzuliwa Kenya na Tanganyika ilipoingia shilingi mwaka 1921, na Unguja mwaka 1936. Hakuna mnunuzi sokoni anayeingoja. Hakimu aliyeuzuliwa akikaa nyumbani, hukumu za watu hazikusimama kwa ajili yake; yeye sasa amekuwa shahidi wa yaliyopita. Na kumweka shahidi si sawa na kumfunga hakimu.

Wa pili humwambia: Usiuze hata moja, hiki ni kisanduku cha baba yako. Na neno hili nalo lina uzuri wake, kwani kuwakumbuka wazazi ni katika wema. Lakini wema wa mtoto kwa mzazi aliyekufa ni kumwombea dua, kumlipia deni, kutimiza ahadi zake, na kuwaunga jamaa zake. Hakusema mwanachuoni yeyote kwamba wema huo ni kufunga riale kwa kufuli. Tena watu hawa hawaulizi mwisho wake. Mwenye kisanduku atakufa, na elimu ya kisanduku itakufa pamoja naye ikiwa hakumfundisha mtu. Warithi watavipeleka vyote kwa sonara, naye atavipima kwa mizani na kuvitia motoni. Hapo baba atakuwa amekumbukwa kwa namna gani?

Basi mashauri yote mawili yana kasoro moja: yanatazama kisanduku kizima kama kitu kimoja. Na hakika yake si kitu kimoja. Mwenyewe hatapata njia mpaka amekimwaga juu ya mkeka na kupambanua.

Jambo la kwanza la kupambanua ni hili: kipi ni chake na kipi si chake? Kisanduku kilitoka kwa baba. Je, baba alipokufa kiligawanywa? Mara nyingi nyumba hugawanywa, shamba la minazi hugawanywa, na kisanduku cha sarafu kikachukuliwa na mtoto mkubwa wa kiume, kwa kuwa wengine walikiona ni mchezo wa mzee. Dada zake hawakuulizwa. Kama hawakuulizwa, basi fungu lao limo katika kila riale aliyoiacha baba, wala miaka kupita hailiondoi. Mtu huyu ana shughuli ya kuwaza kuuza au kutouza, na huenda hana ruhusa ya kufanya lolote katika mawili hayo mpaka awaite dada zake, awaonyeshe, awape haki yao au wamwachie kwa radhi zao.

Kisarafu cha Kilwa nacho kina hukumu yake. Mafakihi wamesema kwamba hazina iliyozikwa kabla ya Uislamu ndiyo rikazi, na katika hiyo hutolewa humusi. Lakini kilicho na chapa ya Kiislamu hukumu yake ni ya kitu kilichopotea, si mali ya kujitwalia papo hapo. Na sarafu za masultani wa Kilwa zina majina ya Kiislamu pande zote mbili. Tena sheria za Tanzania tangu mwaka 1964, na sheria za Kenya pia, zinalinda vitu vya kale. Na juu ya hayo kuna jambo la elimu. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na wataalamu hawajaacha kujiuliza zilifikaje. Shaba yake haina thamani. Thamani yake yote ni mahali zilipoonekana. Kadhalika zile zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984: zimefundisha kwa sababu zilionekana pamoja, mahali pamoja. Basi kisarafu hiki hakiuzwi wala hakifichwi. Hupelekwa kwa wenye kuhifadhi, pamoja na khabari ya mvuvi na ya pwani ile.

Baada ya kuondoa yasiyo yake, hubaki yaliyo yake. Na hapa moyo ndio unaohitaji mizani. Kwani moyo husema uongo. Leo umechoka, kesho unatamani. Mwenye kuuza kwa machofu ya siku moja atajuta, na mwenye kuweka kwa hofu ya kujuta hataacha kuweka maisha yake yote. Ni kipi basi kitakachomjulisha mapenzi yaliyo ya kweli?

Sheria imekwisha kumpa mizani hiyo, naye huenda ameghafilika nayo. Riale na rupia ni fedha iliyopigwa. Si pambo la mwanamke lililo mubaha. Kuuzuliwa kwake sokoni hakukuiondolea hukumu ya fedha. Ikitimia nisabu na kupitiwa na mwaka, ina zaka. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, karibu gramu 595. Riale moja ya Maria Theresa ina gramu 23 na zaidi kidogo za fedha safi, kwa hiyo riale 26 peke yake zimekwisha kufika. Riale thelathini na rupia ishirini za mtu huyu zina fedha safi zaidi ya gramu 900. Sehemu yake moja katika arubaini ni karibu gramu 23. Yaani kila mwaka hudaiwa fedha ya riale moja. Ama shaba iliyo chini katika kitambaa haidaiwi kitu, maadamu hakuiweka kwa biashara.

Na azingatie hekima iliyomo. Mara moja kila mwaka hulazimishwa kufungua kisanduku, kuzitoa, kuzipima, na kutoa mkononi mwake haki ya maskini kwa ajili yake. Siku hiyo moyo hauwezi kujificha. Iko riale ambayo akiishika hukumbuka ilikotoka, naye huitolea zaka kwa furaha, kama alipiaye kitu akipendacho. Na iko riale ambayo akiishika huona uzito tu, na zaka yake humwia kama faini. Hiyo ya pili imekwisha kuuzwa moyoni mwake. Imebaki kutoka kisandukuni. Na ikiwa hakupata kutoa zaka yake miaka yote iliyopita, basi mas-ala ya kuuza yamemalizika: auze kadiri ya kulipa deni hilo, kisha ndipo afikiri mengine.

Akikusudia kuuza, auze kama Muislamu. Sarafu nyingi za pwani zilitobolewa zivaliwe shingoni, kisha tundu likazibwa. Nyingine zimesuguliwa mpaka zikang'aa, na mwenye ujuzi hujua kwamba mng'ao huo ni kasoro. Mwenye kuuza humbainishia mnunuzi haya yote, kwani Mtume (S.A.W.) ametujulisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Wala asibadilishe riale mbili za kawaida kwa riale moja ya nadra, kama wafanyavyo wakusanyaji wengi bila kujua. Fedha kwa fedha ni sawa kwa sawa, mkono kwa mkono, na nadra ya chapa haihalalishi ziada. Njia yake ni ile aliyofundishwa mtu wa Khaibar, aliyekuwa akitoa pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende nzuri: akakatazwa, akaamrishwa auze zile duni kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo anunue nzuri. Na akiuza fedha yake kwa noti za leo, apokee thamani pale pale, wala asikopeshe, kama walivyofutu maulamaa wengi wa zama hizi.

Limebaki swali la thamani yenyewe. Akinunua kwayo vipesa vya shaba anavyovipenda sasa, hapana lawama, maadamu anavisoma na kuwasomesha wanawe. Kwani mtoto wa pwani aonaye mizani juu ya pesa ya Barghash na kuelezwa maana yake amepata somo lisilopatikana kwa kuambiwa tu. Lakini ajihadhari asiwe amebadilisha madini tu na tamaa ikabaki ile ile. Kisanduku kilichojaa shaba kwa ajili ya kujazwa ni ndugu wa kisanduku kilichojaa fedha kwa ajili ya kuhesabiwa.

Na akumbuke khabari ya Abu Talha, aliyekuwa na shamba la mitende mbele ya msikiti wa Madina, nalo lilikuwa ndilo mali yake aipendayo kuliko zote. Iliposhuka aya ya kwamba watu hawataufikia wema mpaka watoe katika wanavyovipenda, alikwenda akalitoa lile, hakutoa jingine. Na Mtume akampa shauri awape jamaa zake wa karibu. Basi mtu huyu akiisha kuuza zile asizozipenda, asidhani ametoa kitu. Ameondoa mzigo tu. Aitazame ile moja aliyoifurahia kuishika siku ya zaka, kisha amtazame dada yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.